Uulizaji wa hifadhidata katika mitandao rika

Mtandao rika hauna seva kuu: kila kompyuta hutunza sehemu ya data na kuwajibu wenzake. Ugumu ni kujua nani anacho kinachotafutwa.

Katika Gnutella, programu iliyotoka Machi 2000, kompyuta iliuliza majirani, nao wakauliza majirani zao, kwa kawaida hadi hatua 7. Mtandao ulipokua, maswali yenyewe yakaujaza. Chord, mbinu ya 2001, ilipanga kompyuta katika duara na kuipa kila data mahali pake kwa hesabu. Kati ya kompyuta 1,000, jibu kwa kawaida hupatikana kwa hatua zisizozidi 10 hivi.

Ugumu mwingine ni wingi wa data inayotumwa. Tuseme kituo cha afya cha Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, na cha Fizi, juu milimani, vinataka kulinganisha orodha za namba za wagonjwa kwa intaneti dhaifu. Baraka haihitaji kutuma orodha nzima. Hutuma muhtasari uliobanwa, yaani kichujio cha Bloom, kilichobuniwa 1970, na Fizi hurudisha namba zinazolingana tu. Kichujio huweza kupitisha namba isiyokuwamo, ila hakiachi iliyomo.

Chord nayo ni dhaifu kwa maswali ya masafa, kama umri wa miaka 5 hadi 10: hesabu yake hutawanya namba zinazofuatana.