Kwihara: Matembezi ya siku moja katika njia ya misafara

KWIHARA ni kijiji kilichopo kilometa chache kusini-magharibi mwa mji wa Tabora, kando ya njia ya kale ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Mtembeaji mwenye afya njema aweza kwenda na kurudi kwa siku moja, akipita mashamba, miembe na vilima vyenye miti ya miombo.

Kivutio kikuu ni tembe, nyumba ya udongo yenye ua, iliyojengwa upya na kufanywa makumbusho. Henry Morton Stanley alikaa Kwihara mwaka 1871, Waarabu wa Tabora walipokuwa wakipigana na Mtemi Mirambo. Februari 1872 alirejea kutoka Ujiji akiwa na David Livingstone, na Machi akaelekea pwani. Livingstone alibaki hadi Agosti, akiwasubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumpelekea. Bila wao hakuwa na safari.

Nyumba hiyo hutajwa kwa jina la Livingstone, ilhali njia yenyewe ilikanyagwa na maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na watumwa ambao majina yao hayakuandikwa. Mwaka 2006 njia hiyo, Kwihara ikiwamo, iliingizwa katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia.

Miezi ya Juni hadi Agosti hufaa zaidi kwa matembezi. Inashauriwa kuondoka alfajiri, kuchukua maji ya kutosha, na kuongozana na mwenyeji ajuaye vijia vya kurudia mjini kwa upande mwingine.