Mutoto wa mwaka wa kwanza anasoma nini katika trimesta ya pili?

Tangu masomo kufunguliwa tena kisha sikukuu za Mwaka Mupya, kaye za watoto wa mwaka wa kwanza primeri zimebadilika sura. Katika trimesta ya kwanza zilijaa vijiti, maduara na misitari mirefu ya a, e, i, o, u. Sasa mutoto anarudi nyumbani na ma, me, mi, mo, mu, na chini yake maneno mazima: mama, meza, mimi. Wazazi wengine wanafurahi. Wengine wanafungua kaye, wanaona Swahili tupu, kisha wanauliza swali ambalo walimu wanalisikia kila mwaka: "Mutoto yangu iko anajua Swahili tayari, anaenda ku masomo kujifunza tena Swahili ya nini?"

Jibu liko, lakini kwanza inafaa kukumbuka namna primeri imepangwa. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, primeri ni miaka sita, na inagawanywa mara tatu: mwaka wa kwanza na wa pili ni hatua ya musingi, wa tatu na wa nne ni hatua ya katikati, wa tano na wa sita ni hatua ya mwisho. Kila mwaka una trimesta tatu, na kila trimesta ina periodi mbili. Ndiyo sababu buletini ya primeri ina periodi sita. Trimesta ya pili inaanza mwezi wa kwanza na kuishia karibu na Pasaka. Kwa mutoto wa miaka sita, huo ndio wakati wa kutoka kwenye herufi moja moja na kuingia kwenye neno.

Kwa nini wanaanza na Swahili

Katiba ya 2006 inasema Kifaransa ndiyo lugha ya serkali, na inataja lugha nne za taifa: kikongo, lingala, swahili na tshiluba. Sheria ya elimu ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 inaendelea kusema kwamba Kifaransa ni lugha ya kufundishia, lakini lugha za taifa au lugha za fasi mutoto anakoishi zinatumiwa pia kumufundishia, na zenyewe zinafundishwa kama somo. Kwa mashariki mwa inchi, kutoka Bunia mpaka Lubumbashi, hiyo inamaanisha Swahili katika madarasa ya chini.

Jambo hilo si geni. Wakati wa Wabelgiji, masomo ya misioni yalifundisha watoto wadogo kwa lugha hizo hizo. Kisha uhuru wa 1960 serkali iliweka Kifaransa tangu mwaka wa kwanza, na katika miaka ya 1970, wakati wa Zaire, lugha za taifa zikarudishwa katika madarasa ya chini. Kwa hiyo bibi na mujukuu wake wanaweza kuwa walisoma kwa lugha moja, na baba katikati yao akasoma kwa ingine. Mabishano mengi ya nyumbani juu ya kaye yanatoka hapo: kila mutu anafikiri namna aliyofundishwa yeye ndiyo namna ya kweli.

Kujua kusema Swahili na kujua kuisoma ni vitu viwili. Mutoto akiona m na a, inafaa akili yake iunganishe alama mbili na sauti mbili, kisha azivute pamoja zikuwe sauti moja. Akimaliza kuvuta na kusikia "mama", anajua maana palepale, kwa sababu neno hilo amelitumia tangu alipoanza kusema. Lakini akivuta sauti na mwishoni anapata neno la Kifaransa ambalo hajawahi kulisikia, hajui kama amesoma vizuri ao vibaya. Anabaki kurudilia nyuma ya mwalimu sawa kasuku. Watoto wa namna hiyo wanaonekana katika kila darasa: wanasema ukurasa muzima bila kosa, lakini ukifunika picha na kuonyesha neno moja katikati, wananyamaza.

Swahili inasaidia pia kwa sababu maandiko yake ni ya haki. Vokali ni tano, na kila moja inabakia na sauti yake fasi yote. Shida zinakuja baadaye, na katika trimesta hii nyingi bado hazijafika: mb, nd, ny, ng', sh, ch.

Swahili ya nyumbani na ya kitabu

Kuna mutego mumoja ambao watu hawausemi sana. Swahili ya kitabu si ile ya mutoto. Nyumbani anasema "batoto banakunywa mayi". Kitabu kinaandika "watoto wanakunywa maji". Mwalimu mwenye uzoefu anapokea kwanza neno la mutoto, anamuonyesha kwamba amelielewa, kisha anamuonyesha namna linaandikwa. Mwalimu mwenye haraka anamuambia tu kwamba amekosea, na mbele ya darasa lote. Mutoto aliyechekwa kwa neno la nyumbani kwao mara mbili tatu hanyooshi tena mukono, hata kama jibu analo.

Na kuna watoto ambao Swahili yenyewe ni lugha ya pili. Katika vijiji vya Walungu na Kabare mutoto anakuja na mashi. Upande wa Shabunda na Mwenga ni kirega. Kule Beni na Butembo ni kinande. Kwa hao neno "meza" linaweza kuwa jipya sawa vile neno la Kifaransa. Sheria ya 2014 ilipotaja lugha za fasi mutoto anakoishi, iliacha mulango wazi, na walimu wengi wa vijiji wanapita hapo bila kungoja barua: wanaeleza kwa lugha ya kijiji, wanaandika kwa Swahili.

Kifaransa kinaanza kwa mudomo

Wanaoogopa kwamba Kifaransa kimeachwa watulie kidogo. Kinafundishwa tangu mwaka wa kwanza, lakini kwa kusikia na kusema: kusalimia, kusema jina, kutaja vitu vya darasa, kufuata amri ndogo kama kusimama, kufunga mulango, kuleta ardwazi. Kusoma na kuandika Kifaransa kunafuata, wakati mutoto amekwisha kuelewa kusoma ni kitu gani.

Sababu ni kwamba herufi za lugha hizi mbili zinapigana. "Ch" ya "chakula" si ile ya Kifaransa. Wafaransa wanaandika "ch" fasi Swahili inaandika "sh". Sauti ya u ambayo Swahili inaandika kwa herufi moja, Kifaransa kinaiandika "ou", na "u" ya Kifaransa haiko kabisa katika Swahili. Mutoto anayeitwa Moussa anafundishwa asubuhi kwamba u inaandikwa u, kisha anaona jina lake kwenye orodha likiwa na "ou". Kuna majina ya namna hiyo yaliyoandikwa kwa masikio ya Kifaransa. Mutoto akiuliza, hiyo ni alama nzuri. Imeonyesha kwamba anasikiliza.

Hapa ndipo wazazi wanaharibu bila kujua. Jioni, baba anachukua kaye na kuanza kufundisha majina ya herufi kwa Kifaransa: "bé", "cé", "dé", "emme". Darasani mutoto amefundishwa sauti, si jina. Mwalimu anasema "mmm" na "a", vinakuwa "ma". Baba anasema "emme" na "a", na mutoto anashangaa namna gani vitu hivyo viwili vinaweza kuwa "ma". Majina ya herufi yana wakati wake. Mwezi wa pili wa mwaka wa kwanza si wakati huo.

Kitu kingine kinachosumbua ni mwandiko. Masomo ya Congo yamebaki na desturi ya Kibelgiji ya kuunganisha herufi, kwa hiyo mutoto anaona a ya kitabu na a ya kaye ambazo hazifanani. Anaandika kwanza hewani kwa kidole, kisha kwenye muchanga ao ardwazi, mwishoni kwenye kaye. Mutoto anayefika haraka kwenye kaye bila kupita huko anashika kreyo kwa ngumi, na kuiachisha ngumi hiyo baadaye ni kazi kubwa.

Kuhesabu kwa maharagi na kwa makuta

Katika hesabu, kazi ya trimesta hii ni kujumlisha na kutoa vitu vidogo, na kuvuka kumi. Vifaa havigharimu kitu: vijiti, maharagi, kokoto, vifuniko vya chupa. Watoto wanafunga vijiti kumi kwa kamba, kisha wanaweka viwili pembeni, na hapo kumi na mbili inaonekana kwa macho.

Swahili ina faida kubwa hapa. "Kumi na mbili" inajieleza yenyewe. "Douze" inaficha kumi ndani, na mutoto anapashwa kuikariri. Hata Swahili ya mitaani inashinda ile ya kitabu kwa jambo hili: watu wa Congo wanasema "makumi mbili", "makumi tatu", na mutoto anaona palepale ni mafungu mangapi. Kitabu kinasema "ishirini" na "thelathini", maneno mazuri lakini ya kukariri. Mwalimu anayetumia yote mawili hapotezi kitu. Na kwa Kifaransa, mutoto wa Congo anasaidiwa kidogo na urithi wa Ubelgiji: atajifunza "septante" na "nonante", ambazo ni nyepesi kuliko namna ya Paris, ijapokuwa 80 inabaki "quatre-vingts".

Cha kuchekesha ni kwamba mutoto huyo anayehangaika na nane kuongeza tano darasani, jioni anatumwa dukani na noti ya 500, ananunua biskuti, na anarudisha makuta yaliyobaki bila kupunguka. Anajua noti kwa rangi na kwa bei, bado hajajua hesabu iliyo ndani. Muzazi anaweza kuanzia hapo, na noti za 100 na 200 mezani.

Mambo mengine yanapita haraka zaidi: usafi wa mwili na kunawa mikono, bendera na heshima, nyimbo, kuchora, michezo, kazi za mikono kwa udongo ao kamba. Somo la dini linafuata mwenye masomo. Tangu mapatano ya 1977, masomo mengi ya serkali yanasimamiwa na makanisa na jamii ya Waislamu. Kila somo la watoto hawa ni fupi, karibu dakika 30, kwa sababu kisha hapo wanaanza kucheza chini ya banki.

Nyuma ya darasa

Tangu mwezi wa tisa 2019, primeri ya serkali ni bila malipo, kama Katiba ilivyosema. Watoto ambao walikuwa wanabaki nyumbani kwa kukosa minervali waliingia, na hiyo ni haki yao. Lakini vyumba havikuongezeka kwa mwendo ule ule. Katika darasa lililojaa, mwalimu wa mwaka wa kwanza hawezi kusikiliza kila mutoto akisoma peke yake, na kusoma ndicho kitu ambacho hakiwezi kujulikana kwa kusikiliza darasa zima likiimba pamoja. Mutoto wa banki ya mwisho anafungua mudomo na wengine, na kosa lake linazama ndani ya sauti ya wengi.

Benki ya Dunia inakadiria kwamba katika Congo watoto 97 kwa 100 wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa habari fupi. Wenye miaka 10 wako hatua ya katikati, ambapo Kifaransa kinaanza kuchukua nafasi. Katika hatua ya mwisho Kifaransa ndicho kinabeba masomo, na mutihani wa taifa wa mwaka wa sita, ule watu wengi wanauita bado TENAFEP, unafanywa kwa Kifaransa. Mutoto asiyeshika "ma, me, mi" sasa hatapata tena somo la kuzirudilia. Kila mwalimu anayefuata anafikiri yule wa kwanza alimaliza kazi.

Kuchunguza si lazima muzazi awe amesoma sana. Andika kwenye karatasi maneno matatu yaliyo na herufi ambazo mutoto amekwisha kupita, lakini ambayo hayamo katika kaye yake. Kama darasa limefika m, t na l, jaribu "mto", "tatu", "lala". Akiyasoma polepole, hata kwa kukwamakwama, anasoma kweli. Akiangalia uso wako na kubahatisha, anakariri. Weka maharagi nane, ficha matatu chini ya kikombe, uliza ni mangapi yamefichwa. Dakika kumi zinatosha, na kisha hapo acha aende kucheza.

Siku ya kuchukua buletini, usiangalie jumla peke yake, maana pointi za nyimbo na michezo zinaweza kufunika zile za kusoma. Tafuta musitari wa lugha na musitari wa hesabu. Kama viko chini, muulize mwalimu mutoto anakaa banki ya ngapi na kama anaona ubao vizuri. Kuomba asogezwe mbele hakulipishwi, na inafaa kufanywa mbele ya Pasaka, wakati bado kuna trimesta moja.