Maradhi ya Uvimbe wa Kurithi: Mgonjwa Kujidunga Dawa Nyumbani

Maradhi ya uvimbe wa kurithi, yatokanayo hasa na upungufu wa protini iitwayo kizuizi cha C1, humpata takriban mtu 1 kati ya 50,000. Uso, mikono, tumbo au koo huvimba ghafla, na dawa za mzio hazisaidii. Ili tiba isicheleweshwe, mwezi Agosti 2011 Marekani iliidhinisha dawa ya ikatibanti. Mgonjwa mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, akishafundishwa na mtaalamu wa afya, hujidunga mwenyewe miligramu 30 chini ya ngozi ya tumbo. Hata hivyo, koo likivimba, anapaswa kujidunga na kuelekea hospitalini mara moja, kwani njia ya hewa inaweza kuziba.