Tua, Usiruke

Tarehe 26 Julai 2021, katika vilima vya Izu nchini Japani, Mathieu van der Poel wa Uholanzi aliingia kwenye mashindano ya Olimpiki ya baiskeli za milimani akiwa miongoni mwa waliotazamiwa kutwaa dhahabu. Mzunguko wa kwanza haujakwisha, akafika mahali njia inapokatika ghafla juu ya miamba: juu pana jiwe, chini pana ardhi, kati yake hamna kitu. Wakati wa mazoezi paliwekwa ubao wa kuteremkia. Siku ya mashindano ubao ulikuwa umeondolewa. Van der Poel, aliyesema baadaye kwamba alidhani bado upo, aliliacha gurudumu la mbele litangulie kuutafuta. Halikukuta kitu. Baiskeli ikapinduka kwa mbele, naye akaanguka vibaya. Alijaribu kuendelea, mwishowe akajitoa. Dhahabu ilikwenda kwa Tom Pidcock wa Uingereza.

Naianza makala na ajali hiyo kwa sababu ndani yake mna somo zima la istilahi ya leo. Mtu alikuwa bingwa, baiskeli nzuri, mahali anapafahamu. Kilichobadilika ni kitendo. Penye ubao unateremka. Ubao ukiondoka, inabidi utue. Kila kitendo kina mkao wake wa mwili, na anayeingia na mkao wa kimoja mahali pa kingine hulipa papo hapo.

Kwa Kiingereza neno moja tu, dropu kama tunavyolitamka, limebeba yote mawili: mahali njia inapokatika na kitendo cha kupapita. Kiswahili hupenda kulipa tendo kitenzi chake na mahali jina lake, na katika mchezo huu utengano huo una faida kubwa kwa anayejifunza. Basi tutafute majina.

Tuanze na mahali. Neno la kwanza linalokuja kichwani ni genge. Ni neno halali la mwamba au ardhi iliyochongoka, ila ni kubwa mno: genge ni pale mtu anapochungulia akarudi nyuma. Isitoshe, Mtanzania akisikia genge anawaza nyanya na vitunguu, na wengine wanawaza kundi la wahuni. Mimi nachagua kidato. Kabla shule hazijalichukua kuhesabia miaka ya sekondari, kidato kilikuwa, na hata leo ni, lile pengo linalochongwa kwenye shina la mnazi ili mkwezi apate pa kukanyaga. Kimekatwa, kina ukingo, na kinapimika. Unaweza kusema kidato cha sentimita 30 au kidato cha mita 2, na msikilizaji akapata picha. Hakuna atakayekichanganya na kidato cha nne, kama vile hakuna anayechanganya kona ya nyumba na kona ya mpira.

Kazi ngumu ni kitendo. Wengi watasema kuruka. Mwendeshaji anaonekana hewani, kwa hiyo ameruka. Lakini mpe mwanafunzi amri ya kuruka uone mwili wake utafanya nini: atajibonyeza, atajifyatua, na atauvuta usukani juu kuelekea kifuani. Baiskeli inapanda wakati kidato kinamtaka ashuke. Anaongeza kimo cha kuangukia, gurudumu la mbele linaelekea angani, na la nyuma linapiga ardhi peke yake, kwa kishindo kinachopanda hadi uti wa mgongo.

Wengine watasema kudondoka. Hili nalo linafundisha kosa la upande wa pili. Embe hudondoka, halina la kufanya. Anayedondoka na baiskeli hukaa tu juu yake na kungoja. Gurudumu la mbele likishatoka ukingoni huanza kuzama mara moja, la nyuma likiwa bado limeegemea jiwe, na baiskeli inainamisha kichwa. Hicho ndicho kilichotokea Izu.

Hesabu ndogo itaonyesha kwa nini. Chukua baiskeli ambayo vitovu vya magurudumu yake vimeachana kwa mita 1.2. Ukikifikia kidato kwa mwendo wa mtu anayetembea, yaani kilomita 5 kwa saa, gurudumu la mbele litaning'inia bila kitu chini yake kwa karibu sekunde 0.9 kabla la nyuma halijatoka. Ukifika kwa kilomita 20 kwa saa, muda huo unapungua hadi sekunde 0.2 hivi. Ndiyo maana waoga huanguka mahali ambapo wenye mwendo wa wastani wanapita salama. Breki zinapaswa kumaliza kazi yake mapema. Anayezishika ukingoni analipa gurudumu la mbele muda wa kuzama.

Neno linalobaki ni kutua, na kwangu ndilo neno lenyewe. Kwanza, lina ukoo. Ndege wa porini alitua tawini kabla ndege ya abiria haijatua uwanjani. Wapagazi wa misafara walitua mizigo, na mahali walipoitua pakawa kituo. Jua nalo hutua. Mshairi ana kituo chake mwishoni mwa ubeti. Kisha tazama mnyambuliko: kama fungua inavyozaa fungulia, na chukua ikazaa chukulia, ndivyo tua inavyozaa tulia. Utulivu umo ndani ya kutua tangu zamani. Sisi tumeusahau tu kwa kuzoea kuyatumia maneno hayo mbalimbali.

Pili, na hili ni kubwa zaidi, kutua kunaanzia mwisho. Anayeruka anawaza anakotoka, anayetua anawaza anakofikia. Fundi wa vidato husimamisha baiskeli, hushuka kwa miguu hadi chini, na kukagua ardhi atakayoifikia kabla ya kuutazama ukingo kwa mara ya pili. Ardhi hiyo nayo inahitaji jina. Kituo kimeshachukuliwa na mabasi na polisi, kwa hiyo napendekeza umbo lake jepesi ambalo kamusi zinalo tayari: tuo. Na namna ya kutua tuiite mtuo. Sasa mkufunzi anaweza kusema: "Kidato hiki ni cha mita moja, tuo lake lina mwinamo, mtuo wako uwe wa magurudumu yote mawili." Sentensi imekamilika, na hakuna jina la mahali wala la kitendo lililoazimwa.

Ubora wa tuo ni jambo la kimaumbile. Mwili unaoanguka mita 1 huchukua karibu sekunde 0.45 na kufika chini kwa kasi ya wima ya kilomita 16 hivi kwa saa. Tuo likiwa tambarare, kasi yote hiyo lazima izimwe na miguu, mikono na shokapu. Likiwa na mwinamo, sehemu ya kasi hiyo hugeuka kuwa mwendo wa kwenda mbele. Ndiyo sababu kidato cha mita 2 chenye tuo la mwinamo kinaweza kuwa laini kuliko cha mita 1 kinachoishia kwenye tambarare. Katika mashindano ya baiskeli ya Red Bull Rampage, yaliyoanza mwaka 2001 karibu na mji wa Virgin jimboni Utah, washindani na wasaidizi wao hutumia siku kadhaa wakichimba na kusawazisha njia na matuo kwa majembe na sururu kabla ya siku ya kushindana. Robin Goomes wa New Zealand, mshindi wa kwanza wa wanawake mwaka 2024, alishuka kwenye mlima ambao kwanza ulifanyiwa kazi ya jembe.

Sasa mtuo wenyewe. Simama juu ya pedeli, zote mbili katika usawa mmoja, visigino vimeshuka kidogo, magoti na viwiko vimelegea. Macho yako kwenye tuo. Ukingo ulishauona ulipokagua. Karibu na ukingo jishushe kidogo. Gurudumu la mbele linapotoka, sukuma usukani uende mbele huku nyonga zikirudi nyuma, kama mtu anayesukuma droo ya kabati. Kitendo ni cha kusukuma, hakuna kuvuta. Baiskeli inakutangulia kutoka ukingoni ikiwa imelala sawa, nawe unaifuata. Hewani, iache iinamie kiasi kile kile tuo linavyoinama, ili magurudumu yaguse pamoja. Kwenye tambarare, la nyuma litangulie kidogo sana. Yanapogusa, magoti na viwiko vikunjike, mwili urudi katikati, na breki ya mbele iachwe mpaka baiskeli itulie.

Anayebaki nyuma ya kiti mpaka chini hufika na mikono iliyonyooka kama fito, na mikono ya namna hiyo haina nafasi ya kukunjika. Na kukunjika ndiko kunakookoa. Umeanguka mita 1 kwenye tambarare. Mwili ukisimama ndani ya sentimita 50, kwa wastani unabebeshwa mara tatu ya uzito wako. Ukisimama ndani ya sentimita 10, unabebeshwa mara kumi na moja. Kimo ni kilekile, mwili ni uleule. Tofauti imeletwa na magoti.

Hili la magoti Waswahili tunalijua kutoka nyumbani. Mama amerudi kutoka kisimani, ndoo ya lita 20 kichwani, matawi mawili ya majani yakielea juu ya maji ili yasimwagike. Anasimama mlangoni na kusema: "Nitue, mwanangu." Kijana hainyakui ndoo. Anaishika kwa mikono miwili, mama anakunja magoti kidogo kumsaidia, kijana naye anashuka na mzigo, mgongo umenyooka, magoti yanakunjika taratibu kuelekea chini, mpaka kitako cha ndoo kinagusa sakafu bila sauti. Majani yanacheza mara moja, yanatulia. Tanzania ilipotafuta maneno ya kueleza dhamira ya kufikisha maji karibu na watu, ilisema kumtua mama ndoo kichwani, na kila mtu akaelewa, kwa sababu kila mtu amewahi kutua au kutuliwa.

Basi fundisha kidato kama ndoo. Anza na ukingo wa barabara wa sentimita 15, urudie mpaka tairi zote mbili zitoe mlio mmoja badala ya miwili. Sikio ni mwalimu mzuri hapa. Kisha sentimita 30, kisha 60, na usiongeze kimo siku ambayo milio bado ni miwili. Vaa helmeti hata kwenye kidato kidogo kabisa.

Lugha yetu imezoea kulipa neno la kale kazi mpya. Kuotea kulikuwa kuvizia; leo mtoto yeyote anayecheza mpira anamjua mshambuliaji aliyeotea. Kutua hakuhitaji safari ndefu kiasi hicho. Kazi yake ya zamani na ya sasa ni ileile: kuufikisha mzigo chini bila kuuvunja, na safari hii mzigo ni mwili wako.

Neno linalosemwa ukingoni lazima liwe fupi, maana sekunde 0.2 haina nafasi ya maelezo. Ruka lina silabi mbili. Tua nalo lina mbili. Kwa pumzi ileile moja, la kwanza linamtuma kijana juu, na la pili linamwonyesha chini anakokwenda, likiwa na utulivu ndani yake. Mwalimu achague la pili.