Watu wa Kasigau na Swali la Ibrahimu

Somo: Mwanzo 18:20-33

Mara nyingi tukifungua Biblia twasafiri kwa mawazo mpaka Kanaani, Misri au Babeli. Leo nataka tuanze safari yetu hapa hapa Taita, kisha ndipo tuende kusimama pamoja na Ibrahimu mbele za Mungu.

Wazee husema kwamba Taita ina sehemu tatu, nazo ni milima mitatu: Dawida, Sagalla na Kasigau. Sisi tukaao Mwanda tuko Dawida, penye baridi na ukungu na mashamba ya ngazi. Kasigau iko mbali nasi, upande wa kusini-mashariki ya Voi. Ni mlima mmoja uliosimama peke yake katikati ya nyika kavu, kimo chake kama mita 1,600. Kuuzunguka pande zote ni miiba, udongo mwekundu na tembo wapitao kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Lakini juu ya kilele pana msitu wa kijani, kwa sababu ukungu utokao Bahari ya Hindi hugonga mlima huo na kuacha maji yake katika majani na mizizi. Maji hayo hushuka chini, na hapo chini ndipo palipo vijiji: Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi, Kiteghe na Ngambenyi. Vimeuzunguka mlima kama watoto waliomzunguka mama yao. Asiye na maji katika nyika ile hana uhai, na Mungu aliwapa watu wa Kasigau maji hayo kutoka juu.

Ndugu zangu, Kasigau ina nafasi ya heshima katika historia ya Injili nchini mwetu. Mwezi wa Oktoba 1847, Johannes Rebmann alitoka Rabai akavuka nyika kwa miguu, akafika katika mlima huo, ambao yeye aliuandika kwa jina la Kadiaro. Ilikuwa safari yake ya kwanza ya kuingia bara. Mwaka uliofuata, tarehe 11 Mei 1848, alipita tena nchi ya Taita, akauona Mlima Kilimanjaro na theluji yake. Wataalamu wa Ulaya walibishana naye kwa miaka mingi, wasikubali kwamba theluji yaweza kuwako karibu na ikweta. Basi kumbukeni jambo moja juu ya mtu huyu. Rebmann alikuwa Mjerumani, mzaliwa wa Gerlingen katika Württemberg, naye alitumwa na chama cha misioni cha Kiingereza, yaani CMS. Mjerumani na Waingereza walishirikiana kuleta habari njema chini ya Kasigau. Miaka 68 baadaye, Wajerumani na Waingereza walifika tena chini ya mlima ule ule, na safari hii walikuja na bunduki.

Vita Kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani waliokuwa Tanganyika walivuka mpaka wakaiteka Taveta mwezi wa Agosti. Shabaha yao ilikuwa reli itokayo Mombasa, ipitayo Maungu na Voi, kwa maana kwa reli hiyo Waingereza walipitisha askari na chakula chao. Vikundi vya askari wa Kijerumani vilipenya nyikani na baruti ili kuivunja reli. Lakini askari naye hunywa maji, na kati ya mpaka na reli maji ni machache mno. Hivyo pande zote mbili ziliutazama Mlima Kasigau. Maji yale yaliyokuwa baraka ya wenyeji ndiyo yaliyowavuta wenye vita. Waingereza waliweka kambi pale, na mwezi wa Julai 1915 Wajerumani waliishambulia wakaishinda.

Ndipo lilipozuka neno. Wakuu wa Kiingereza waliamini kwamba wenyeji wa Kasigau ndio waliowaongoza adui hata kambini. Hapakuwa na mahakama ya kumwuliza kila mtu, Wewe ulifanya nini? Mwezi wa Agosti 1915 watu wa vijiji vile walikusanywa wote, wazee na vijana, wanawake na watoto, na nyumba zao zikachomwa moto. Wakatembezwa kwa miguu kuvuka nyika mpaka kwenye reli, wakapelekwa uhamishoni Malindi, katika pwani ya joto. Watu waliozoea hewa ya mlimani walikutana na malaria ya pwani bila mashamba, bila mifugo, bila jamaa wa kuwapokea. Wengi walikufa huko.

Mwezi wa Machi 1916 Waingereza waliwarudisha nyuma Wajerumani hata Taveta ikatwaliwa tena. Vita viliondoka Taita, lakini watu wa Kasigau hawakurudishwa kwao. Walipokuja kuruhusiwa kuondoka Malindi, walikaa ugenini katika sehemu nyingine za Taita na Taveta. Ilikuwa miaka ya 1930 ndipo waliporudi kuujenga upya mlima wao, muda wa miaka kama ishirini tangu kuchomwa kwa nyumba zao. Mtoto aliyebebwa mgongoni siku ile alirudi akiwa mtu mzima. Nchi tambarare ya Taita kwa sehemu kubwa ilikuwa imehesabiwa kuwa mali ya Taji la Uingereza, na mwaka 1948 Mbuga ya Tsavo ikatengwa. Waliporudi walishikamana na mlima na maji yake, nao wapo hapo hata leo.

Sasa tufungue somo letu. Mungu alimjulisha Ibrahimu kwamba kilio cha Sodoma kimezidi. Ibrahimu hakusema kwamba Sodoma haina dhambi, alijua inayo. Swali lake lilikuwa jingine: je, mwenye haki aangamizwe pamoja na mwovu? Akaanza na watu hamsini, akashuka arobaini na watano, arobaini, thelathini, ishirini, akafika kumi. Alijiita mavumbi na majivu, na kila mara alithubutu kusema tena. Na Bwana, aliye Hakimu wa dunia yote, hakumkasirikia. Alikubali kila ombi.

Ndugu msikilizaji, chukua swali hilo la Ibrahimu ulipeleke Kasigau mwaka 1915. Tuseme alikuwako mtu mmoja aliyewaonyesha Wajerumani njia. Tuseme walikuwako watano, hata kumi. Je, mama aliyekuwa akisaga mahindi Bungule alikuwa na kosa gani? Mtoto mchanga wa Jora alimwongoza nani? Mungu aliye na uwezo wa kuhukumu mji mzima alikubali kuhesabu watu mmoja mmoja. Wanadamu wenye haraka hawakutaka kuhesabu.

Wala jambo hili si la Kasigau peke yake, wala si la Afrika peke yake. Katika nchi ya Cheki, karibu na mji wa Prague, kipo kijiji kidogo kiitwacho Lidice. Mwaka 1942 kilikuwa na watu kama mia tano, wengi wao wakulima na wafanyakazi wa migodi na viwanda vya karibu, nao walikuwa na kanisa lao la Mtakatifu Martin. Nchi yao ilitawaliwa wakati huo na Wajerumani wa Hitler. Mkuu mmoja wa utawala ule, Reinhard Heydrich, alishambuliwa mwishoni mwa Mei akafa tarehe 4 Juni. Barua moja ilileta shaka juu ya jamaa wa Lidice. Uchunguzi haukupata kosa, lakini hasira ilitaka mahali pa kutua. Tarehe 10 Juni 1942 wanaume 173 walipigwa risasi kijijini. Wanawake walipelekwa katika kambi ya Ravensbrück. Watoto 82 waliuawa kwa gesi. Nyumba zilichomwa na kubomolewa, na kanisa pia. Vita vilipokwisha, wanawake 143 walirudi, na watoto 17 tu walipatikana. Kijiji kipya kilijengwa karibu na pale pa zamani, na mwaka 1955 bustani ya waridi ilifunguliwa hapo, yenye maua yaliyotolewa na nchi nyingi.

Sisemi kwamba misiba hii miwili ina uzito mmoja. Lakini mzizi wake ni mmoja, nao ni kumwadhibu mtu kwa sababu ya mahali alipozaliwa, bila kumwuliza alilotenda.

Na mzizi huo haukung'olewa Kenya wakoloni walipoondoka. Tarehe 1 Januari 2008, pale Kiambaa karibu na Eldoret, watu waliokimbilia ndani ya kanisa walichomewa humo. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Hakuna aliyewauliza walifanya nini katika uchaguzi; kabila lao lilitosha kuwa kosa. Hata vijijini kwetu mambo haya yapo kwa kipimo kidogo. Mbuzi akiibwa, twasema, Ni watu wa ukoo ule, ndivyo walivyo. Kijana akitaka kuoa, twachunguza deni na ugomvi wa babu yake. Mzee akinong'onezwa kuwa mchawi, wajukuu wake hukosa wa kucheza nao. Tumekwisha kuichoma nyumba, ingawa hatukuwasha kiberiti.

Neno la Mungu latupasa mambo mawili. La kwanza, tuhesabu kama Ibrahimu alivyohesabu. Linapotajwa kabila, ukoo au kijiji kizima kuwa kibaya, Mkristo aulize: Ni nani hasa? Alitenda nini? Ni nani aliyeona? Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, alifundisha watu waliokuwa uhamishoni kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. La pili, tusimame tuombe. Ibrahimu hakuwa na jamaa wengi Sodoma, ila Lutu na nyumba yake, lakini aliuombea mji wote. Anayemwombea jirani hawezi kumchomea.

Tena, wapendwa, swali la Ibrahimu lilipata jibu kubwa kuliko alivyotazamia. Yeye aliishia kwa watu kumi. Mungu alikwenda mbele ya hapo akafikia Mmoja. Kasigau na Lidice, wengi waliteswa kwa ajili ya kosa lililodhaniwa la wachache. Pale Kalvari, Mmoja asiye na kosa aliteswa kwa ajili ya makosa ya kweli ya wote, naye alikubali kwa hiari yake. Tukiwa tumesamehewa kwa njia hiyo, tutathubutuje kumlipiza mtu kosa la ndugu yake?

Wewe unayesikiliza ukiwa Rukanga au Makwasinyi, mjukuu wa wale waliotembezwa kwenda Malindi, Bwana anajua majina ya waliolala huko, hata wale ambao makaburi yao hayana alama. Na wewe uliye mahali pengine, wiki hii mtafute mtu mmoja ambaye umemhukumu kwa jina la ukoo wake au kabila lake. Mwamkie. Keti naye.

Tuombe.

Ee Mungu, Hakimu wa dunia yote, watujua mmoja mmoja. Utusamehe pale tuliposema neno juu ya watu wengi kwa kosa la mmoja. Uwafariji wote waliohamishwa makwao bila hatia, na uwarudishe. Uyabariki maji ya milima yetu, yasiwe tena sababu ya vita. Utupe moyo wa Ibrahimu wa kuombea, na moyo wa Mwanao wa kusamehe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.