Ugo, Orugo na Bigo: Historia Isiyo na Kuta za Mawe

Wahenga walinena kwamba jungu kuu halikosi ukoko. Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Kakoba, mjini Mbarara, huukumbuka usemi huu kila wanafunzi wanapotuuliza kwa nini vitabu vimejaa magofu ya Kilwa na Gedi, ilhali kwao Ankole hawaoni gofu hata moja. Swali lao ni zuri, lakini limebeba dhana yenye kasoro, kwamba pasipo na ukuta wa mawe hapana historia.

Tuanze karibu na nyumbani. Kusini mwa Mbarara, huko Isingiro iliko pia Nakivale, makazi ya wakimbizi, kuna mahali paitwapo Bweyorere. Masimulizi ya ufalme wa Nkore yanapataja kuwa makao ya wafalme, yaani Abagabe. Mwaka 1959 mwanaakiolojia Merrick Posnansky, aliyekuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda, alipachimba. Alikuta mifupa, mingi yake ya ng'ombe, na vigae vya vyungu vyenye nakshi zilizopatikana kwa kuviringisha kamba ya majani iliyosokotwa juu ya udongo mbichi. Machoni pa mpita njia hilo ni jaa tu. Kwa mtafiti, ni meza ya mfalme na zizi lake.

Kwa nini kuta hazikubaki? Nyumba zilijengwa kwa miti na nyasi, zikazungushiwa uzio. Aidha, makao ya Omugabe hayakuwa ya kudumu. Mfalme alipofariki, au malisho yalipochoka, watu walihamia kilima kingine. Nyumba iliyoachwa ililiwa na mchwa, ikarudi udongoni.

Hata hivyo, wajenzi wa zamani walijua pia kazi kubwa. Kaskazini zaidi, kando ya mto Katonga katika wilaya ya Sembabule, ipo Bigo bya Mugenyi. Mahandaki yake yana urefu wa jumla unaozidi kilomita 10, na sehemu nyingine yamechimbwa hadi kwenye mwamba. Peter Shinnie alipachunguza mwaka 1957, naye Posnansky mwaka 1960. Jirani yake ni Ntusi, makazi ya wakulima na wafugaji yaliyostawi takriban kati ya karne ya 11 na ya 15. Wenyeji husema Bigo ni kazi ya Bachwezi. Wanaakiolojia husoma udongo. Hatuna sababu ya kuwadharau wa kwanza ili tuwasikilize wa pili.

Hapa ndipo somo letu linapoingia. Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji mkalimani kulielewa jina lile: bigo bya ni sawa na vi- na vya, ngeli ileile, na mugenyi ni mgeni, ingawa katika masimulizi Mugenyi ni jina la mmoja wa Bachwezi. Kamusi zetu zinalo neno ugo, yaani ua au uzio. Runyankore inalo orugo. Mti umeoza, lakini neno bado limesimama. Lakini tahadhari: orurembo si urembo. Kwa Runyankore ni makao makuu ya mfalme, na siku hizi hata mji.

Orurembo lilikoma kuhama wakati wa ukoloni, Omugabe alipotulia Kamukuzi, hapa Mbarara, katika jengo la kudumu. Falme zilifutwa mwaka 1967, na nyingine ziliporejeshwa mwaka 1993, Ankole haikurejeshwa. Vijijini nako matofali na mabati yanazidi kuchukua nafasi ya miti, udongo na nyasi. Huko Nakivale, watu waliohama kutoka Kongo, Rwanda na Burundi wamejenga kwa udongo uleule wa Isingiro, na wengi wao huzungumza Kiswahili.

Jembe la mkulima na tanuri la matofali havijui kigae cha kale. Kilima kikishachimbwa hakisomeki tena, na mzee akifariki anaondoka na jina lake. Kwa hiyo tunawaomba walimu wenzetu wawape wanafunzi kazi moja likizo hii: kila mmoja aulize nyumbani jina la kilima kilicho karibu, maana yake, na nani aliwahi kuishi pale, kisha aandike majibu kwa Kiswahili. Ukoko upo, tusingoje jungu lisuguliwe.