Mpenzi wa Sinema na Mkalimani Wake

Mtu akiulizwa ni picha gani ya sinema aliyoipenda kuliko zote maishani mwake, ni nadra kutaja moja. Hutaja ya ujana wake, husita, akataja ya utu uzima, kisha akaongeza ile aliyoitazama juzi pamoja na wajukuu. Orodha kama hiyo hudhaniwa kuwa mambo ya starehe tu, yasiyomfaa mwanahistoria. Dhana hiyo haina haki. Nyaraka za serikali hueleza ni picha zipi watu walionyeshwa. Orodha ya mpenzi wa sinema hueleza ni zipi walizozikubali. Mambo hayo mawili hayakuwa sawa katika Afrika ya Mashariki, na kutolingana kwao kuna mengi ya kumfunza anayechunguza karne iliyopita.

Jambo hili huonekana wazi zaidi mashambani kuliko mijini. Majumba ya sinema yalikuwa mali ya miji. Unguja ilikuwa na Royal tangu mwaka 1921. Dar es Salaam ikapata Empire, Avalon na Odeon. Tanga ikawa na Majestic na Regal. Chonyonyo ni kata ya wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera, nchi ya Wanyambo, ya migomba na kahawa, na kutoka huko hata Dar es Salaam ni safari ipitayo kilomita 1,000. Kwa mtu wa mahali kama hapo sinema haikuwa nyumba ya kuendewa. Ilikuwa mgeni wa kupokewa, na mgeni asiyejua lugha ya wenyeji huhitaji mkalimani. Ndiyo maana historia ya sinema zilizopendwa mashambani haiwezi kutengwa na historia ya watu waliozisemea.

Wakoloni walilifahamu jambo hilo nusu. Mwaka 1935 ulianzishwa huko Vugiri, katika milima ya Usambara, mradi wa kutengeneza sinema za mafunzo kwa Waafrika, ukaendelea hata mwaka 1937. Fedha nyingi zilitolewa na shirika la Carnegie la New York. Wasimamizi walikuwa L. A. Notcutt, aliyewahi kuongoza shamba la mkonge, na G. C. Latham. Picha zao fupi zilihusu kilimo, mifugo, minyoo ya safura, kodi na akiba ya fedha. Zilichukuliwa kwa gari zikaonyeshwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Filamu zenyewe zilikuwa bubu. Maneno yaliwekwa katika sahani za santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za wenyeji. Basi msemaji alikuwapo, lakini alisema aliyoandikiwa. Hakuweza kusimama pale mtazamaji alipostaajabu, wala kujibu pale alipouliza.

Nyuma ya kazi hiyo, na nyuma ya nyingine zilizoifuata, ilikuwapo imani kwamba mtu wa shamba hajui kutazama. Kwamba yampasa apewe picha za polepole, zisizo na mapindu, kama mtoto apewavyo uji. Ushahidi uliopendwa ni kisa kilichoelezwa na John Wilson wa Chuo Kikuu cha London na kunukuliwa na Marshall McLuhan katika kitabu chake cha mwaka 1962. Wanakijiji wa Afrika walionyeshwa sinema ya usafi wa mazingira, nao walipoulizwa waliona nini, wakajibu kwamba waliona kuku. Watengenezaji wenyewe hawakujua kuwa katika picha yao mna kuku. Walipoirudia wakamkuta, amepita kwa muda wa kama sekunde moja. Wengi walilichukua jibu hilo kuwa dalili ya ujinga. Lakini kwa haki lingeweza kusomwa kinyume: watu wale walikuwa na macho makali kuliko mwenye kamera, nao walikishika kile walichokuwa na neno la kukisemea.

Imani hiyo ya uji ilikanushwa na miji ya pwani katika miaka ile ile. Watazamaji wa Unguja, Tanga na Dar es Salaam, wengi wao wasiojua Kihindi, walikaa saa tatu mbele ya picha za Bombay zenye visa vilivyofumana, wakatoka wakiimba. Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, yaeleza habari za hakimu aaminiye kwamba mtoto wa mwizi huwa mwizi na mtoto wa mwungwana huwa mwungwana, na mwanawe mwenyewe akaletwa mbele ya sheria kwa jina la mhalifu. Katika nchi zilizotawaliwa kwa kupimana asili na rangi, swali la kama tabia huzaliwa au hufunzwa halikuhitaji tafsiri ndefu. Waliokwisha kuitazama waliwasimulia wasioitazama, na waimbaji wa taarabu wakazichukua tuni za picha za Kihindi wakazitia maneno ya Kiswahili. Hapa mkalimani hakuajiriwa na mtu. Alikuwa jirani, shangazi au fundi wa muziki.

Mother India ya mwaka 1957 ni mfano wa pili. Radha, aliyeigizwa na Nargis, anahangaika maisha yake yote chini ya deni la mkopeshaji Sukhilala, ambaye humchukulia mavuno ya kila mwaka kwa hesabu asiyoweza kuisoma. Mkulima wa Karagwe aijuaye butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini kwa bei ya shida, angemtambua Sukhilala kabla hajafumbua kinywa.

Serikali nayo haikushindwa kila mara. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 kampuni ya African Film Productions ya Afrika Kusini ilitengeneza Tanganyika picha za hadithi kwa Kiswahili, miongoni mwazo Chalo Amerudi na Muhogo Mchungu. Mwigizaji wake mashuhuri alikuwa kijana mtumishi wa ustawi wa jamii, Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye Januari 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Mtu aliyekuwa akitazama wageni wakisema ya kwao alimwona mwenziwe akisema kwa lugha yake, akikosea na kucheka kama yeye.

Na afikiriwe sasa mpenzi mmoja wa sinema wa Chonyonyo, aliyezaliwa katika miaka ya 1940. Utoto wake ni wa gari la sinema na shuka jeupe. Ujana wake, akisafiri kutafuta kazi, ni wa picha za Kihindi na, baada ya mwaka 1973, za Bruce Lee, ambaye ngumi zake hazikuhitaji kamusi. Utu uzima wake unakutwa na vita. Mwishoni mwa mwaka 1978 jeshi la Idi Amin liliivamia Kagera na kulivunja daraja la Kyaka. Mwaka 1980 Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1968, ikishirikiana na Taasisi ya Picha na Sauti, ilitoa Vita vya Kagera. Kwa mtazamaji wa mkoa huo, picha hiyo ilihusu ardhi aijuayo kwa miguu yake. Hapo yeye mwenyewe aliweza kuwa mkalimani kwa wageni.

Kisha zikaja kanda za video na jenereta, na vibanda vyenye mabenchi ambavyo vijana waliviita vibanda umiza. Katika vibanda hivyo kazi ya mkalimani ikawa fani kamili. Kepteni Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alizisemea kwa Kiswahili picha za Marekani, za Bara Hindi na za Uchina. Hakutafsiri tu, bali alieleza, alionya, alitania, akatia methali mahali palipokuwa na ukimya. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, wasemaji wa namna hiyo walifanya vivyo hivyo kwa Kiganda. Wapo waliowaona kuwa waharibifu wa kazi za watu. Lakini Kagera ni nchi ya nanga, ala ya nyuzi ambayo kwayo manju huimba habari za mashujaa, sanaa ambayo M. M. Mulokozi aliichunguza katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1986. Manju wa nanga hakukabidhiwa kisa ili akikariri. Alikabidhiwa ili akitengeneze upya mbele ya waliokaa. Msemaji wa video alikaa katika kiti ambacho jamii ilikuwa imekwisha kukichonga.

Picha za Kiswahili zilizotapakaa baada ya Girlfriend ya mwaka 2003, na nyota kama Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, zilimpunguzia msemaji kazi, kwa kuwa sasa picha yenyewe ilisema. Hata hivyo uzoefu wa kutazama kwa kujibu, kukatiza na kuonya haukutoka kwa watengenezaji wa picha hizo. Ulikuwa wa watazamaji tangu zamani.

Katika picha zote zilizotengenezwa Vugiri, zimesalia tatu, nazo zimehifadhiwa Uingereza kwa uangalifu mkubwa. Mojawapo yahusu mashamba ya Kingolwira karibu na Morogoro. Hakuna ajuaye mtu aliyezitaja kuwa kipenzi chake. Kanda zilizosemewa, zilizopendwa na maelfu, zimeachwa kwa joto, ukungu na panya, na wengi wa waliozisemea hawakuwahi kuulizwa neno. Hivyo kilichoonyeshwa kwa amri kimetunzwa, na kilichopendwa kwa hiari kinapotea.

Hasara hiyo yaweza kupunguzwa kwa kazi isiyo na gharama kubwa. Mwanafunzi mwenye kalamu, akienda likizo kwao, na amwulize mzee si jina la picha peke yake, bali aliitazama wapi, nani aliisemea, na alisema nini. Majibu yatatofautiana, na baadhi yatapingana na picha yenyewe. Yasisahihishwe. Mahali mzee anapoikosea picha, mara nyingi ndipo msemaji wake alipoipatia.